Tonge la Wifi

Jioni ile fundi alikuwa anapeleka gauni tu. Gauni la kijani, la mikono mirefu, alilolishona kwa vipimo vya zamani kwa sababu mteja wake, mama mwenye duka la vipodozi, alimwambia kwa simu, "Wewe shona, mwili wangu unaujua." Na kweli aliujua. Walikuwa wanene wawili wa mtaa mmoja. Wakikutana uchochoroni mmoja alilazimika kurudi nyuma kumpisha mwenziwe, wakacheka wenyewe kabla hawajachekwa na watu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba. Fundi akamuuliza kama mwenye nyumba yupo.

"Si ndiye mimi," yule mwanamke akasema. "Ingia basi."

Gauni lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Fundi alipiga magoti, pini mdomoni, akakunja kitambaa hapa, akakunja pale, na kila alipokunja roho ilimuuma. Mwenyewe alikuwa amehangaika vya kutosha. Alikunywa maji ya moto na ndimu mpaka meno yakaingia ganzi. Alijifunga nailoni tumboni akashona nayo kutwa nzima, jasho likimchuruzika hadi kwenye pedali ya cherehani. Alikunywa majani ya kupunguza mwili, akashinda chooni. Daktari alimshauri apunguze sahani na atembee kila asubuhi, asitake haraka. Akatembea. Magoti yakavimba, akarudi nyumbani akala kwa hasira.

"Umefanyaje?" alinong'ona.

Mteja alitazama pazia la chumba cha ndani. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anakula. Alitafuna bila kupumzika, na kijiko kilikwangua chini ya sufuria... kikakwangua... kikakwangua.

"Ni mama," mteja akasema. "Siku hizi anapenda kula. Uzee." Kisha akamwinamia sikioni, akamwelekeza kwa mkandaji mmoja aliyekaa ghorofani, juu ya duka la rangi.

"Anakanda tumbo?"

"Hakandi. Anamtoa."

Fundi hakuuliza anamtoa nani. Aliona kiuno cha mteja, na macho yake hayakuona kingine.

Pengine asingeenda, kama si mambo ya nyumbani. Aliishi na mumewe, dereva wa gari la maji, na mdogo wa mumewe, binti muuza viatu ambaye hakujua kunyamaza. Usiku ule fundi alipokaa kwenye kochi, likabonyea upande wake, na wifi yake aliyekuwa amekaa ncha ya pili alijiachia kuserereka kumwelekea, mikono juu. "Kaka, nishike, nateremka mlima." Mume akacheka mpaka chai ikampalia. Ulikuwa utani wa kila siku. Wifi huyuhuyu ndiye aliyemwogesha fundi alipofanyiwa upasuaji, akambadilisha nguo na kumlaza ubavu bila kukunja uso hata mara moja. Lakini usiku ule fundi hakuyakumbuka hayo. Alikwenda jikoni, akalia, akala mkate mzima akiwa amesimama.

Kesho yake jioni alizipanda ngazi za duka la rangi, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Chumba cha mkandaji kilikuwa na mkeka na dirisha lililozibwa kwa gazeti. Kilinuka kama sufuria iliyoungua, ikaoshwa, isitakate. Mkandaji alikuwa mama wa makamo mwenye viganja vidogo kama vya mtoto. Hakuuliza jina wala shida. Alimlaza chali, akamfunua blauzi, kisha akainama na kuweka sikio lake juu ya tumbo.

Akasikiliza.

"Umekaa naye tangu lini?" aliuliza.

"Nani?" fundi akasema.

Tumbo likanguruma. Halikunguruma kama siku zote. Lilipanda na kushuka, likasita, likapanda tena, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Si wewe," mkandaji akasema bila kuinua kichwa. "Nazungumza naye."

Fundi alitaka kuinuka. Mwili ulikataa. Mkandaji alinong'ona, tumbo likajibu, akanong'ona tena, na mara moja akacheka kidogo kama aliyeambiwa siri ya watu.

"Yuko tayari," akasema hatimaye. "Ila siwezi kumtoa nikamwacha njiani. Anataka mtu. Awe anakula na wewe meza moja."

Chini, dukani, mtu alikuwa anafunga mlango wa chuma. Fundi aliliona kochi. Aliiona ile mikono juu.

"Wifi yangu," akasema.

"Jina la nini? Ameshamjua."

Viganja viwili vidogo vikashuka tumboni, na kitu kikachomoka. Hakikuuma. Kilitoka kama soksi iliyolowa inavyovuliwa mguuni. Fundi alifumba macho, na alipoyafumbua mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ngazi zilikuwa zinalia. Mtu alikuwa anateremka.

Lakini hapakuwa na mtu.

Asubuhi alipoamka hakuwa na njaa. Mchana hakuwa nayo. Chakula kilimwia kama udongo wa mfinyanzi, alikitazama tu. Mwili ukaanza kuporomoka. Alipunguza sketi zake, akazipunguza tena, mwisho akakata kitambaa kipya. Wateja walimzunguka kibandani wakimshika mikono. "Fundi, umetuacha." Mumewe, aliyekuwa akilala amempa mgongo, alianza kulala amemgeukia.

Na wifi akaanza kula.

Kwanza ilikuwa kichekesho. Aliongeza wali, akaongeza tena, akalamba sahani, wote wakacheka na yeye akicheka. "Nalipiza miaka yangu yote," alisema. Kisha jioni moja fundi alirudi kutoka kibandani akakuta jikoni giza. Alisikia sauti ya kitu kikavu kikitafunwa. Akawasha taa. Wifi alikuwa amechuchumaa kando ya debe la unga, uso mweupe hadi kwenye kope, anabwia unga mbichi kwa viganja.

"Zima taa, wifi," alisema. "Naona aibu."

Hakunenepa. Hilo ndilo lililowatisha. Kadiri alivyokula ndivyo alivyokauka, mabega yakachongoka, mashavu yakaingia ndani. Hospitali walimpima damu, wakampima kinyesi, wakampa dawa ya minyoo na ya sukari, wakasema hawaoni kitu. Kazini alikutwa nyuma ya maboksi anatafuna ukanda wa kiatu cha ngozi. Walimrudisha nyumbani kwa heshima. Mume wa fundi alihamisha vyakula, wifi akala sabuni. Wakaficha sabuni, akala mshumaa, utambi na yote.

Fundi alijua. Alijua tangu siku ya unga. Kila siku aliupita ukweli huo mlangoni kwa wifi kama mtu anayemkwepa mdai wake, akaenda kibandani kwake kushona.

Siku wifi aliposhindwa kusimama, alimwita fundi. Alikuwa amelala, mikono imefungwa kwa kanga kwenye ubavu wa kitanda, kwa sababu alikuwa ameanza kujitafuna vidole.

"Wifi," alisema, "nisamehe kwa ule utani wa kochi. Nilikuwa nakupenda tu. Mimi ulimi wangu hauna breki."

Fundi alitoka nje akashika ukuta. Kisha akaenda moja kwa moja juu ya duka la rangi. Safari hii ngazi hazikumchosha hata kidogo.

Mkandaji hakushangaa kumwona.

"Anarudishwa," alisema. "Huyo ndugu yako akulishe tonge moja kwa mkono wake, kwa hiari yake, asilazimishwe. Ukimeza, atarudi kwako. Atarudi na njaa ya siku zote alizokuwa ugenini."

"Nitanenepa tena?"

Mkandaji akamtazama. "Wengi huuliza kwanza kama mgonjwa atapona."

Nyumbani fundi alipika wali mwenyewe, akaupakua kwenye bakuli, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alimfungua wifi mkono mmoja. "Nilishe tonge moja," alisema. "Usiniulize kwa nini. Moja tu, halafu utapona."

Wifi alimtazama. Macho yake yalikuwa yamezama sana, lakini fundi aliona ameelewa. Labda si yote. Lakini ameelewa.

Akachukua tonge.

Mkono ukakimbilia mdomoni kwake mwenyewe. Akageuza uso, akabana meno. Mkono ukamfuata. Fundi akafungua kanga ya pili, na wifi akaushika mkono wake mmoja kwa ule mwingine, kama mtu anayemshika mbwa, akausukuma mbali na yeye. Machozi yalimtoka, mate yalimtoka. Kutoka ndani ya tumbo lile lililogusana na mgongo ikaja sauti iliyopanda na kushuka, ikasita... fundi akaitambua. Na yenyewe ikamtambua. Ilinyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia hatua za mwenye nyumba.

Tonge likafika mbele ya midomo ya fundi. Punje zikadondoka kwenye shuka.

"Chukua," wifi alinong'ona. "Haraka, wifi... siwezi kushika sana."

Fundi alifungua mdomo. Akausikia mvuke wa wali. Akaiona sketi mpya aliyoivaa, jinsi ilivyokaa. Akaukumbuka uso wa mumewe uliomgeukia kitandani, na uchochoro ambao sasa alipita bila kumpisha mtu.

Akafunga mdomo.

"Wifi?"

"Sina njaa," fundi akasema.

Mkono ulibaki hewani kidogo. Halafu ukarudi kwa mwenyewe, polepole, kwa sababu hapakuwa tena na wa kuuzuia. Fundi alikaa kando ya kitanda akamsikiliza akila bakuli lote, na lilipokwisha, akamfunga tena kanga kwa upole.

Walimzika kabla wiki haijaisha. Jeneza lilikuwa jepesi hata wabebaji wakatazamana. Akina mama waliokuja kulia walimshika fundi mabega, na mmoja akamwambia sikioni, kwa sauti ya chini kwa kuwa ni msibani, "Ila umependeza, shoga. Utanielekeza."

Mwenye duka la vipodozi alikuwapo pia. Alikaa mwisho wa ukumbi, peke yake. Fundi alimuuliza hali ya mama yake. Mteja alitikisa kichwa. "Tulimzika," alisema. "Sasa ni mwanangu." Aliondoka bila kuaga.

Wageni walipotawanyika na jua kuzama, nyumba ikabaki na watu wawili. Fundi alimpakulia mumewe chakula, akakaa upande wa pili wa meza mikono mapajani, kama ilivyokuwa desturi yake sasa. Mume alikula ameinamisha kichwa. Alikuwa amelia siku nzima, hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Fundi alijiambia hivyo.

"Niongezee," mume akasema.

Akamwongezea.

Kijiko kikakwangua chini ya sahani.

"Niongezee kidogo."

Fundi akamtazama. Mume hakuinua macho. Chini ya shati lake, chini ya meza, kitu kilinguruma taratibu, kikapanda, kikashuka, kikasita.

Akampakulia tena. Kisha akaenda kufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani, ambako siku hizi kulikuwa na nafasi ya kutosha.