Usukani Uliorudi Garini

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kufufua magari ya zamani, na Jumanne hiyo aliamka na furaha ya bwana harusi. Gari lake lenye umri wa miaka sitini lilikuwa limepungukiwa na kitu kimoja tu: usukani. Usukani halisi.

"Vya kuigiza wapeni watoto wachezee," alituambia mimi na mkewe, tukacheka.

Kwenye duka la vyuma chakavu, mama muuzaji alimwekea sukani mbili mezani. Mjomba akakwangua rangi kwa wembe, akapapasa namba kwa kidole gumba. Kwenye wa kwanza tarakimu zilikuwa laini, zimenyooka mno. Feki. Kwenye wa pili ziligongwa kwa mkono, moja moja, saba imeinama. Akafungua daftari lake. Namba ilikuwa ile ile iliyogongwa kwenye fremu ya gari lake.

"Ni wa gari langu," akanong'ona. "Uling'olewa humo humo."

"Kaka, chukua huo mwingine," mama akasema. "Aliyeuleta alisema gari liliua. Hakutaka kusema lilimuua nani."

"Dada, mimi ni fundi, si mganga."

Saa nane mchana, nyumbani, akaufunga garini, mimi na mkewe tukitazama. Betri haikuwemo. Tangi lilikuwa kavu. Akakaa, akaushika kwa mikono miwili, akatabasamu.

Usukani ukageuka.

"Acha utani, baba," mkewe akasema.

"Siushiki," mjomba akanong'ona. "Unanishika."

Milango ikajibamiza. Usukani ukazunguka kwa nguvu. Kiwiko cha mkono wa kulia kikavunjika; nilisikia. Kisha cha kushoto. Vidole havikuachia. Ukamvuta, ukampiga kifuani. Ukamvuta. Ukampiga. Damu ikaruka hadi kwenye dashibodi. Mkewe akavunja kioo cha mlango kwa nyundo, akaingiza msumeno wa chuma, akaukata usukani juu, akaukata chini, mumewe akipiga mayowe, mpaka vipande viwili vikaanguka.

Mjomba alipona. Mikono haikupona. Vidole vilivyosoma chuma leo havishiki hata kijiko.

Kesho yake nilikwenda kulifunika gari. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka kutokea ndani, upande wa abiria, ambako hakukaa mtu. Katikati ya nyufa yalikuwa yamenasa meno mawili ya utotoni.

Nyumba ile haina mtoto.

Nikayagusa. Yalikuwa bado na joto.