Springi ya Arobaini na Moja

"Mashine hii haijawahi kudanganywa na mtu," Lwitiko aliwaambia wageni wake, akiipigapiga ubavuni kama mtu anayemnadi ng'ombe wake mnadani. "Na mimi ninayeiendesha, ndiyo kabisa. Ukificha kitu hapa, ujue umejificha nyuma ya glasi ya maji."

Wakati huo Kifumuzi kilikuwa kinakula friji. Watu wa Mbeya walikipa jina hilo kwa sababu hakisagi wala hakiyeyushi kwanza, kinafumua. Mikono yake kumi na miwili, myembamba kama ya buibui, iliifumua friji ile kama bibi anavyofumua sweta lililombana mjukuu. Bati likaenda huku, shaba kule, gesi ikavutwa taratibu kwenye chupa yake. Dakika nne baadaye palikuwa na marobota sita safi, na sauti ya kike, ya upole kabisa, ikasoma taarifa:

"Friji. Miaka kumi na tisa. Imekufa kwa vumbi. Haikuwahi kusafishwa."

"Mmesikia?" Lwitiko alicheka. "Hadi uvivu wa watu inasoma!"

Wageni wake walikuwa wawili, na hawakucheka. Mama Tumpale alikuwa ameshika kingo za mkokoteni uliobeba trampolini kuukuu: fremu ya duara iliyobabuka rangi, turubai jeusi lililopauka, wavu uliochanika. Pembeni yake alisimama Tumpale mwenyewe, miaka kumi na sita, ndani ya miguu-saidizi, yale mabomba ya chuma yaliyomshika kuanzia kiunoni na kumtembeza kwa mlio mdogo wa mota.

Kisa chao Mbeya nzima ilikijua. Miaka sita iliyopita, siku Tumpale alipotimiza miaka kumi, mama yake alipanda kwenye trampolini ya uani waruke pamoja. Waliruka mara tatu. Ya nne springi ikakatika, mtoto akarushwa nje, akaangukia mgongo kwenye tofali la bustani. Mkaguzi aliyekuja hakushuka hata kwenye gari lake. Aliandika "uzito kupita kiasi" akaondoka. Jioni ile ile, kwenye foleni ya maji, Lwitiko alimbatiza mama huyo jina: Mama Tani. Foleni iliangua kicheko mpaka ndoo zikamwagika, na jina likamganda kama gundi. Tangu hapo mwanamke yule alikula kama anayeomba radhi kwa sahani. Sasa gauni lilimning'inia kama limeanikwa.

"Haya mama," Lwitiko alisema, "sasa hivi ungeruka hata juu ya utando wa buibui, usingekatika."

"Nimesikia kwamba kinasoma chanzo," Mama Tumpale alisema, kana kwamba hajausikia utani.

"Kinasoma. Chuma kina kumbukumbu kuliko wakwe. Kila kikivutwa, ndani kinapata ufa mdogo usioonekana. Huo ndio uchovu wa chuma. Kifumuzi kinapitisha mionzi, kinahesabu nyufa, kinakwambia kilichoka lini na kwa nini. Na sheria inasema chombo kilichoumiza mtu hakiyeyushwi mpaka kisomwe."

"Basi kisome. Kikisema ni mimi, nitakubali. Miaka sita watu wanaonijua wameniambia ni mimi. Nataka kuambiwa na kitu kisichonijua."

Lwitiko alitafuta mzaha wa kujibu, akaupata, lakini aliona macho ya yule binti akaumeza.

Kabla ya kufumua kulikuwa na makabidhiano. Desturi hiyo ilizaliwa mwaka wa kwanza wa mashine, Kifumuzi kilipomfumua jogoo wa watu aliyekuwa amelala ndani ya kabati. Kuanzia siku ile, mwenye chombo alikifungua mwenyewe, akakikabidhi kipande kwa kipande, na fundi alikipokea akikihesabu kwa sauti. Kilichowekwa kwenye sinia ndicho kilichosomwa. Kisichowekwa, mashine haikukijua.

"Mikono juu, sauti juu, kama chekechea!" Lwitiko alitania. "Moja!"

Mama Tumpale alichomoa springi ya kwanza. Mbili. Tatu. Kutu ilimpaka vidole. Alipofika ya arobaini na moja aliuacha mkono hewani. Ilikuwa imekatika vipande viwili, kila kimoja kikining'inia kwenye kulabu yake.

"Hiyo itoe wewe, baba," alisema, akageuza uso.

Lwitiko aliitoa. Aliigeuza kiganjani, na pale penye mkunjo, chini ya kutu, akaona alama ya moto: nyota ndogo, na herufi L na M.

Alama hiyo aliijua. Ilikuwa yake.

Akakumbuka Wiki ya Taka Sifuri, enzi zile akiwa kijana mpya kwenye karakana ya chuma cha marudio. Springi za magodoro na za viti vya mabasi zililetwa ziyeyushwe zizaliwe upya. Kuyeyusha kulitaka siku tatu. Yeye alitaka rekodi. Basi alizinyoosha, akazipaka rangi, akazigonga nyota, akaziruhusu ziende kutumika: mlango, geti, trampolini, popote. Wiki ilipokwisha karakana yake haikuwa na hata gramu moja ya taka. Alipewa cheti. Cheti ndicho kilichompa kazi ya kuendesha Kifumuzi.

"Arobaini na moja!" akapaza sauti. Mkono wake ulielekea kwenye sinia, ukapita, ukaingia mfukoni. "Na hii hapa, jamani, ingekuwa mtu ingekuwa imestaafu zamani! Arobaini na mbili!"

Walihesabu hadi sabini na mbili. Kifumuzi kikainamisha mikono yake, kikafumua. Turubai likawa nyuzi, wavu ukawa robota, fremu ikakatwa mapande yanayolingana.

"Trampolini," sauti ilisema. "Springi sabini na moja. Hazina kasoro. Springi moja haikuwasilishwa. Fundi, eleza."

"Imeliwa na kutu," Lwitiko alijibu haraka. "Imepukutika mkononi."

"Nimepokea. Chanzo kinachobaki: uzito wa waliokuwa juu."

Mama Tumpale alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama anayeitikia hotuba ndefu. Akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni.

"Kwa hiyo ni mimi."

Hapo nafasi ilikuwepo. Pana kama geti. Lwitiko aliiona, akaitazama, akasikia ncha ya chuma ikimchoma pajani.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini mashine haidanganywi."

"Ndaga," alisema Mama Tumpale. Alishukuru! Akaipangusa kutu kidoleni kwenye gauni, akanyoosha dole gumba kwenye kioo cha kukubali taarifa. "Tumpale, mwanangu, nisamehe. Sasa nimeambiwa."

"Mama, usiguse hicho kioo."

Mota za miguu-saidizi zililia. Binti alipiga hatua mbili, tatu, akasimama mbele ya Lwitiko, karibu mno.

"Fundi, mimi nililala miaka miwili dirishani. Sikuwa na cha kutazama isipokuwa hiyo trampolini. Nilizihesabu hizo springi asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikazijua kwa sura. Ya arobaini na moja haina kutu ya kupukutika. Ndiyo ngumu kuliko zote. Mvua imeshindwa nayo."

"Binti, labda ulikosea hesabu..."

"Nilikuona tangu ilipoingia mfukoni. Nilinyamaza nikupe nafasi. Nikasema, ngoja, labda akimwona mama anakaa chini ataitoa." Alimtazama mama yake, kidole gumba bado kiko hewani, kisha akamrudia fundi. "Ukampa pole."

Lwitiko alirudi nyuma hatua moja. Mfukoni mwake vipande viwili vya springi viligongana, vikalia.

Mama Tumpale aliinua uso.

"Haya, Baba Tani," Tumpale alisema. "Tuhesabu tena. Mikono juu, kama chekechea."