Treni Zimesimama, Fedha Zinaongezeka

Kila siku baada ya vipindi, Kipenga alifagia upande wake wa darasa harakaharaka, akanawa mikono, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu akicheka husikika mpaka ofisi ya walimu. Huko alimkuta rafiki yake Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Wawili hao waliendesha kampuni ya reli katika mchezo wa kompyuta. Mchezaji hujenga njia, hununua vichwa vya treni na mabehewa, husafirisha makaa ya mawe kutoka mgodini hadi kwenye mtambo wa umeme, na asipopanga vizuri hufilisika. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametangaza shindano: wawili watakaopata faida kubwa kuliko wengine wangeiwakilisha shule.

Kupanga njia ilikuwa kazi ya Kipenga. Alikuwa amegundua kwamba treni ikiondoka kabla ya mabehewa kujaa huleta hasara, na kwamba safari fupi mno hailipi. Jambo moja tu lilimshinda. Kwenye makutano ya reli, treni zilizojaa zilikutana na zile tupu zinazorudi, zote zikakwama kama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo. Kabla hajapata dawa ya mkwamo huo, homa ikamlaza kitandani.

Siku moja mama yake aliingia chumbani akitabasamu. "Mwanangu, amka! Nimekutana na mwalimu wenu sokoni. Anasema kampuni yenu inaongoza shule nzima!"

Kipenga aliketi, homa akaisahau. "Basi Chiriku amezifungua zile treni! Mama, kumbe yule ana akili hivyo!"

Aliporudi shuleni, Chiriku alimkumbatia na kuwasha kompyuta. Kweli, hazina yao ilikuwa imefura. Kipenga akasogeza kipanya hadi kwenye makutano, auone ujuzi wa mwenzake. Treni zilikuwa palepale, zilezile, pua kwa pua. Mgodini makaa yalikuwa yamerundikana kama kichuguu.

"Chiriku, fedha hizi zimetoka wapi?"

"Si faida?"

"Faida ya nini? Hakuna treni hata moja inayotembea!"

Chiriku alitazama mlangoni, kisha akanong'ona. "Kaka alinionyesha. Kuna vitufe viwili, ukivibonyeza pamoja mchezo unakupa fedha. Usipige kelele basi."

Kipenga aliachia kipanya. "Mimi nilikuwa kitandani nakusifu kwa mama."

"Nilifanya kwa ajili yako! Ulikuwa unaumwa. Tungeshindwa."

"Ungeniacha nishindwe. Hata kile kidogo nilichokitolea jasho kimechanganyika na hizi. Nani atajua kipi ni changu? Umeniibia, Chiriku, halafu unaniambia ni zawadi."

"Ukimwambia mwalimu, wewe ndiye utakuwa umenisaliti mimi."

Kipenga alirudi nyumbani peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hiyo aliisikia tangu utotoni, ila hakuwahi kujua inauma namna gani. Mama alipouliza habari za kampuni, alisema kichwa kinamgonga, akajifunika shuka.

Asubuhi alimsubiri Chiriku getini. "Naenda kwa mwalimu. Twende wote, useme mwenyewe."

Chiriku akageuza uso. Kipenga akaenda peke yake.

Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza. "Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Mimi ningejua, mwalimu."

Chiriku alipoitwa alikana kwanza, kisha akalia na kukiri. Mwalimu akafuta matokeo yao. Kwa bahati, nakala iliyohifadhiwa kabla ya Kipenga kuugua ilikuwepo, na wakaruhusiwa kuendelea nayo, wakiwa mkiani kabisa.

"Nisamehe," Chiriku alisema.

"Nimesikia," Kipenga alijibu, macho kwenye skrini.

Wakaanza kazi. Kipenga akajenga reli ya pili pembeni, treni za kwenda zipite reli moja na za kurudi zipite nyingine. "Nijenge upande huu?" Chiriku aliuliza kwa woga. "Jenga," akajibiwa. Treni ya kwanza iliyojaa ilipovuka makutano, namba ya faida ndogo ikaonekana juu ya mtambo. Kipenga aliitazama mpaka ikatoweka.

Hawakushinda. Wengine ndio walioiwakilisha shule. Lakini siku ya matokeo mwalimu aliwaita wote wawili.

"Chiriku," alisema, "ukimdanganyia rafiki yako hujamsaidia. Umemnyang'anya haki ya kujua anaweza nini. Na wewe Kipenga, umefanya vyema. Kusema ukweli juu ya rafiki si kumsaliti. Anayemwacha rafiki azame kwenye uongo, huyo ndiye msaliti. Ushindi wa kweli huja polepole, lakini ukija ni wako."

Walipotoka nje, Chiriku aliuliza kama wanaweza kurudi nyumbani pamoja kama zamani.

Kipenga aliweka mkoba wake begani. Moyo ulikuwa bado mzito. "Twende," alisema. "Ila leo usiongee."

Wakatembea.