Makontena Yaliyokufa

"Mvua inakaribia kisiwani."

Simu ikakatwa. Kokulinda, akiwa Usagara, alilielewa fumbo hilo: rada ya ziwani ilikuwa inakaribia kuzimika.

Na huko ziwani, ndani ya boti ya wasafirishaji wa bunduki, alikuwemo Masele, jasusi mwenzake aliyejifanya utingo. Rada ikizimika, doria isingeiona boti ile. Masele angeuawa kabla ya jua kutua.

Toyota Hilux yake ikaila lami mpaka kituo cha rada, Nyamagana.

Mhoja, fundi wa mitambo aliyempigia simu, alimpokea jasho likimtoka. Alieleza upesi. Diski ya seva, kompyuta kuu ya kituo, ilikuwa imebakiza nafasi kiduchu, na ikijaa, picha za rada zingekoma. Kila programu iliendeshwa kwenye kontena lake humo ndani, kama kisanduku cha kidijitali. Ukilifuta kontena, data zake hubaki, na hapo zilikuwa zimerundikana kama vyombo vya msibani visivyooshwa.

"Mbona hamkusafisha?"

"Bosi amekataa, dada. Mali ya serikali haifutwi bila idhini."

Bosi, Deodatus, alikuwa nyuma yao, Glock kiunoni. Akasema kwa upole wasubiri makao makuu. Kokulinda alimchukia palepale.

Skrini ikaganda.

Ikarudi. Nukta ya boti ilikuwa imeruka mbali.

Kokulinda akaketi, akayapanga mabaki ya data kwa ukubwa. Fungu la kwanza lilitisha. Kontena lenyewe lilifutwa asubuhi ile, lakini data zake zilikuwepo zote. Akazifungua. Amri ilikuwa mle: jaza diski. Na jina la aliyeitoa.

Deodatus. Alifuta kontena akadhani amefuta nyayo.

Bastola ikamgusa kisogoni.

"Dada, sote ni wa Kagera. Sisi ni watu wa nyumbani. Funga hiyo."

"Masele naye ana kwao."

Kiwiko chake kikampata Deodatus tumboni. Glock ikaanguka. Mhoja akaikanyaga, kisha akaiokota na kumlenga Deodatus.

Kokulinda akanakili ushahidi kwenye flashi. Kisha akafuta mabaki yote.

Diski ikapumua. Nukta ikatulia.

"Doria, boti ipo mashariki ya Ukerewe. Ishikeni."

Dakika zikapita. Kokulinda aliogopa, na hakuficha.

Redio ikakoroma.

"Koku," ilisema sauti ya Masele kutoka boti ya doria, "niletee nguo kavu."

Kokulinda akafuta macho, akavaa miwani yake, akachukua funguo za gari.

"Mhoja, vyombo vioshwe kila siku," alisema, akatoka kwenda kutafuta shati.