Kuongeza Si Kubadilisha

Dahir alikuwa mtu wa kuongeza. Chai ikipungua, aliongeza maji. Wageni wakifika wakati wa chakula, aliongeza maji kwenye mchuzi, kisha akamsifu mpishi mbele yao. Gari la nyumbani nalo, Probox nyeupe ya kubebea mizigo, alilitunza vivyo hivyo. Kila mwezi alifungua boneti, akamimina oili kidogo, akafunga.

"Injini imeshiba," alisema, huku akijifuta mikono kwenye suruali.

Mkewe, Asli, ndiye aliyezifua suruali hizo. Kwa hiyo habari za oili alizijua vizuri sana.

Waliishi Ogembo, kwenye kilima kilicho nyuma ya soko. Biashara yao ilikuwa vyombo vya mawe laini. Walinunua bakuli na sahani kwa wachongaji wa Tabaka, wakavisugua mpaka vikang'aa, kisha wakavipeleka mijini. Kwa miaka mingi Dahir ndiye aliyetafuta wateja. Mwaka huu Asli alimpata wake mwenyewe. Alimtumia picha kwa simu mama mmoja mwenye duka Kisumu, jina lake Chandrakala. Mama huyo akaagiza bakuli mia mbili kwa mkupuo.

"Nazitaka Jumatatu kabla ya saa sita mchana," Chandrakala alisema. "Jioni mzigo wangu unasafiri. Ukichelewa, nitachukua kwa mtu mwingine."

"Hutachukua kwa mtu mwingine," Asli alijibu. Alipokata simu aliruka juu kama msichana wa shule, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Ijumaa alasiri walikuwa wanarudi kutoka Tabaka na bakuli za mwisho. Gari lilikuwa linapanda mlima. Mara taa nyekundu ikawaka mbele ya Dahir. Ilikuwa na picha ya kibuyu kidogo kinachodondosha tone.

"Baba Nasteho, hiyo taa ni ya nini?" Asli aliuliza.

"Hiyo? Huwa inawaka tu. Tukifika juu itazimika."

Walipofika juu ilizimika kweli. Dahir akatabasamu. Asli hakutabasamu. Injini ilikuwa inagonga kwa sauti kavu, na moyo wake ukagonga nayo. Aliiona Jumatatu yake ikisimama kando ya barabara, boneti wazi, na bakuli mia mbili zikitazama watu wakipita.

Mara tu walipofika nyumbani, alikwenda kwa jirani. Orpah, au Mama Duke kama walivyomwita, alikuwa fundi wa magari katika kiwanda cha majani chai. Malori yote ya kiwanda yalipitia mikononi mwake. Alikuja bado amevaa ovaroli, akawasalimu kwa Kigusii.

"Mbuya, Mama Nasteho. Hii gari inasema nini?"

Asli alimweleza habari za taa. Orpah alimgeukia Dahir.

"Mlibadilisha oili lini?"

"Mimi naongeza kila mwezi," Dahir alisema kwa fahari.

"Sijauliza kuongeza. Nimeuliza kubadilisha. Kumwaga ile ya zamani yote na kuweka mpya."

Dahir alikuna kidevu. Alitazama migomba, akatazama mawingu. Asli alimsaidia.

"Tangu tununue hii gari, Mama Duke. Miaka miwili."

"Yawa!" Orpah alishika kichwa. "Sikilizeni. Oili inafanya vyuma visisagane. Pia inaosha injini. Lakini ikiosha, uchafu unaenda wapi? Unabaki ndani yake. Oili inachoka, inakuwa nzito na nyeusi. Ukiongeza mpya juu yake, umeoga kwa maji ya jana na kikombe kimoja cha leo."

"Lakini napima!" Dahir alisema. "Kila mara kijiti kinaonyesha imejaa."

"Unapimia wapi?"

"Hapa hapa."

Orpah alicheka. Ua wao, kama nyua nyingi za Ogembo, ulikuwa mteremko mtupu. Chungwa likidondoka mlangoni, unalifuata hadi kwa jirani wa chini.

"Gari ikilala kwa mteremko, oili inakimbilia upande mmoja," alisema. "Kijiti kinakudanganya. Pima mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa na imetulia. Na taa hiyo nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, simama mahali salama, zima injini hapo hapo. Usingoje kufika juu. Mna bahati injini bado inaimba."

"Basi tubadilishe sasa hivi," Asli alisema.

"Jua linazama, Mama Nasteho. Sabato yangu inaingia. Jumapili asubuhi nitakuja. Nyinyi nunueni oili na filta mpya. Angalieni kitabu cha gari, kimeandika aina ya oili na kiasi. Mkebe uwe haujafunguliwa. Na msiiwashe hii gari!"

Jumamosi walinunua vitu vyote. Ilipofika alasiri, Dahir alianza kuzunguka gari kama paka aliyenusa samaki.

"Mimi si mtoto," alisema. "Ni bolti moja tu. Tukimaliza leo, kesho tunapakia polepole. Wewe si unataka kufika mapema?"

Asli alitaka sana kufika mapema. Hapo ndipo alipokosea. Badala ya kumzuia mumewe, alimsaidia. Dahir alilinyanyua gari kwa jeki, kisha akataka kitu cha kuliegemeza. Asli akaingia stoo akachagua mawe mawili ya Tabaka, makubwa, ambayo hayajachongwa. Alichagua yenye uso bapa kabisa. Hata aliyafuta vumbi. Dahir aliyapanga chini ya gari, akaishusha jeki na kuiondoa. Gari likakaa juu ya mawe. Akalala chali, akajiingiza chini kichwa kwanza.

"Mbuya hapo!" sauti iliita kutoka njiani.

Ilikuwa Orpah. Alikuwa anatoka kanisani, amevaa gauni la bluu na kofia, Biblia mkononi. Dahir alikuwa mtu wa adabu. Hakuweza kumjibu mama wa watu akiwa amelala chini ya gari, viatu tu vikionekana nje. Akajivuta nje, akasimama, akajipangusa.

"Mbuya mono, Mama Duke. Habari ya kanisa?"

Orpah hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anayatazama mawe.

"Baba Nasteho, sogea. Mama Nasteho, nawe sogea."

"Jiwe ni jiwe," Dahir alisema. "Haya yametoka chini ya ardhi. Yamebeba mlima."

"Hayo mnayachonga kwa kisu!" Orpah alisema kwa ukali. "Kitu kinachokatwa kwa kisu, kibebe gari? Na huku ni mteremko!"

Hakuwa amemaliza kusema. Jiwe moja lilitoa sauti ndogo, kama biskuti ikivunjwa. Kisha likapasuka. Gari likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika, na vumbi jeupe likapanda. Mahali pale ambapo kifua cha Dahir kilikuwa dakika moja iliyopita, sasa hapakutosha hata kupitisha sinia.

Vumbi lilipotua, Asli aliketi chini. Kisha akalia.

"Mimi ndiye niliyemchagulia," alisema. "Mimi mwenyewe niliyafuta vumbi."

Dahir aliketi kando yake. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi. Alisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilikuwa niote kaburi."

"Usinichekeshe," Asli alisema, akacheka huku analia.

Orpah aliwashika mabega wote wawili. "Sikieni. Jeki ni ya kunyanyua, si ya kulalia chini yake. Jiwe, tofali, gogo, hivyo vyote si vya kuegemezea gari. Gari inakaa kwa stendi za chuma, mahali palipo sawa, chini pakiwa pagumu. Kama huna stendi, peleka gereji. Kazi ni kesho. Leo Mungu amenituma kutoa mtu chini ya gari tu, na hiyo hata siku ya Sabato inaruhusiwa."

Jumapili asubuhi Orpah alilikagua gari, akaona halikuvunjika kitu, kisha wakalisukuma polepole hadi kwa Obwocha, mwenye kinu cha kusagia mahindi. Uwanja wake ulikuwa wa saruji, sawa kama meza. Kwanza Orpah alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili iligusa ncha tu, nyeusi kama lami.

Dahir alikitazama kijiti. "Na hii ndiyo niliyosema imeshiba," alinong'ona.

"Leo nani anafanya kazi?" Orpah aliuliza.

"Mimi," Asli alisema. Hakutaka kutazama tu tena. Alivaa glavu na kufunga mtandio wake vizuri nyuma ya shingo.

Orpah alisimama kando, akaelekeza. Waliweka gia, wakavuta breki ya mkono, wakazuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao ngumu. Walinyanyua mbele kwa jeki, pale kitabu kilipoonyesha, wakaingiza stendi mbili za chuma alizoleta Orpah. Kisha Orpah alimwambia Dahir alisukume gari. Alisukuma kwa nguvu zote. Halikutikisika.

"Sasa ingia, Mama Nasteho. Kwa kawaida tunawasha injini dakika chache ili oili ipate joto kidogo na itoke upesi. Isiwe moto wa kuunguza. Lakini hii imekauka mno, hatuiwashi. Tutangoja tu."

Asli alifungua kifuniko cha juu cha kumiminia oili. Akaweka karai chini, akaishika spana, akaizungusha bolti ya kutolea oili kuelekea kushoto. Akaimalizia kwa vidole. Oili nzito ikaanza kushuka polepole kama uji uliopoa.

"Hii ndiyo tulikuwa tunaiongezea?" aliuliza kutoka chini.

Ile "tulikuwa" ilimwingia Dahir vizuri, maana mwongezaji alikuwa yeye. Alikohoa.

Walingoja hadi likabaki tone moja moja. Asli aliifuta bolti, akaivisha washa mpya, ile pete ndogo ya kuzuia kuvuja, akaikaza kwanza kwa mkono, kisha kwa spana.

"Inatosha," Orpah alisema. "Ukikaza kwa hasira utaharibu nyuzi zake. Sasa filta. Hiyo ndiyo chujio la oili. Kuweka oili mpya na filta chafu ni kuchuja chai mpya kwa kichungi cha jana."

Filta kuukuu ilitoka. Orpah alimwonyesha ule mpira wa duara mdomoni mwake. "Hakikisha huu umetoka nayo. Ukibaki kwenye injini, ukaweka mwingine juu, oili yote itavuja." Asli aliupaka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole. Akaifunga kwa mkono mpaka ikagusa, kisha akaikaza kama kasha lake lilivyoandika.

Walilishusha gari, wakamimina oili mpya kwa faneli, lakini hawakumaliza kiasi cha kitabu. Asli alipima, akaongeza kidogo, akapima tena.

"Ikizidi pia ni mbaya," Orpah alisema. "Iwe katikati ya alama mbili, karibu na ya juu."

Wakafunga kifuniko. Asli akawasha injini. Taa nyekundu iliwaka, kisha ikazimika mara moja. Hakuna tone lililoanguka chini. Wakazima, wakangoja dakika kumi, wakapima tena, wakaongeza kiasi kilichoingia kwenye filta. Sauti ile kavu ilikuwa imetoweka kabisa. Dahir alipiga makofi. Kisha macho yake yakaangukia karai.

"Hii chafu nitapaka nguzo za ua. Mchwa hawataigusa."

"Hapana, Baba Nasteho. Mvua ikinyesha, oili inateremka hadi chemchemi. Watoto wa chini wanakunywa huko. Mimina kwa jerikani, na filta hiyo uifunge vizuri. Nitapeleka kwenye gereji yetu, kuna watu wanaokuja kuzichukua. Na mnawe mikono kwa sabuni, kabla hamjashika chapati."

Asli aliandika tarehe na kilomita kwenye kikaratasi, pamoja na kilomita za kubadilisha tena kama kitabu kilivyosema. Akakibandika ndani ya boneti.

Jumatatu aliondoka alfajiri, yeye kwenye usukani na bakuli mia mbili nyuma, zimefungwa kwa majani makavu ya migomba. Dahir alibaki na watoto. Milima ya Kisii aliipanda mmoja baada ya mwingine. Taa ile haikuwaka hata mara moja. Saa nne na nusu alikuwa Kisumu. Chandrakala alizigonga bakuli kwa kucha, moja moja, akasikiliza mlio wake.

"Hakuna hata moja iliyopata ufa," alisema. "Mwezi ujao niletee mia tatu. Na uje wewe mwenyewe."

Asli alitoka nje, akampigia mumewe simu. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Nimefika," alisema. "Zote zimechukuliwa. Anataka mia tatu!"

Upande wa pili, Dahir akavuta pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi. Nimefurahi mpaka sijui niseme nini. Sasa sikia, mke wangu. Hapo ulipo ni tambarare?"

"Ni tambarare kabisa."

"Basi kabla hujarudi, pima."

Asli alitazama kitambaa mkononi mwake, kilichokuwa na alama ndogo ya oili safi ya rangi ya asali.

"Nimeshapima," alisema.