Hawakuitika

Haya sikuyaokota njiani. Yalimkuta rafiki yangu, fundi redio. Alikwenda kutengeneza redio ya mjomba wake, nahodha mstaafu ambaye manowari yake iliitungua ndege ya abiria kwa kudhani ni ya vita.

“Niliwaita redioni, hawakuitika,” mjomba alirudia, kama alivyoiambia tume ya uchunguzi. “Sasa kosa langu liko wapi?”

Mjomba ni mjomba; fundi akainamia kazi yake. Akachomoa plagi, akafungua mgongo wa redio. Mara taa zikazimika, chumba kikawa giza totoro. Redio ikaanza kukwaruza, na plagi bado imo kiganjani mwake.

“Abee,” ikaitika sauti ya mtoto wa kike.

“Naam,” ikafuata sauti ya mzee, humohumo redioni.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu walioitwa sasa hivi.