Kigoda cha Erupe Siku ya Krismasi

Nakeno anakaa Nawoitorong, mjini Lodwar. Yeye husuka vikapu vya majani ya mikoma na kuviuza. Ana binti mmoja, Akoru, wa gredi ya saba. Mume wake, Erupe, alikuwa fundi wa pampu za visima. Aliugua, akafariki mwaka huu wakati wa mvua.

Kila Krismasi Erupe alichinja mbuzi. Kisha alikalia ekicholong, kigoda chake kidogo cha mti. Aligeuza nyama motoni huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya sana. Majirani walimcheka. Yeye alizidi kuimba.

Desemba ilipofika, madukani walianza kupiga nyimbo za Krismasi. Nakeno alizima redio yake. Aliacha kwenda kwaya. Chakula kilimshinda, na usingizi ukapotea. Akina mama wa kanisa walimwambia, "Usilie, mama. Mshukuru Mungu." Basi akaamini kwamba analia kwa sababu imani yake ni ndogo. Alipiga magoti akaomba, "Bwana, niondolee machozi haya." Machozi hayakuondoka.

Akatia kigoda cha Erupe ndani ya gunia, akalisukuma chini ya kitanda. Tena akamkataza Akoru kumtaja baba yake.

Shule zilipofungwa, alimwambia, "Panga nguo zako. Utakaa Kakuma kwa mama mdogo Nakiru mpaka mwaka mpya."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki hapa."

"Peke yako? Krismasi?"

"Ni siku kama siku nyingine."

"Mama, nimekosa nini?"

Nakeno aliendelea kufunga begi.

Nakiru, mdogo wake Nakeno, anauza chai Kakuma, kando ya barabara inayoingia kambi ya wakimbizi. Alipomwona Nakeno akija na Akoru, aliacha birika akawakimbilia.

"Ejok, dada!"

"Ejok," Nakeno aliitikia salamu.

"Ejok gani hiyo? Umekonda kama mbuzi wa kiangazi! Hata fisi wa huku Lopur angekuonea huruma, akuletee uji."

Akoru alicheka. Kisha alimtazama mama yake, akanyamaza ghafla.

Kwenye benchi alikuwapo mteja mmoja, Arek, mama kutoka Sudan Kusini. Anaishi kambini, na ni mhudumu wa afya ya jamii. Amefundishwa kuwasaidia watu waliofiwa. Aliona jinsi mtoto alivyokatiza kicheko chake.

"Pole, dada," Arek alisema. "Nakiru ameniambia habari za msiba. Mzee wako aliitwa nani?"

Nakeno alitazama chini. "Hatulitaji jina lake. Likitajwa, ninalia."

"Na ukilia, kutatokea nini?"

Nakeno hakuwa amewahi kujiuliza hivyo. "Watu watasema sina imani."

Arek aliweka kikombe chini. "Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake, mbele ya watu wote. Nani atasema hakuwa na imani? Huzuni si dhambi. Umempoteza mtu wako. Ingekuwa ajabu kama usingeumia."

"Lakini nilikuwa nimepata nafuu. Mbona sasa imerudi?"

"Ni Krismasi. Nyimbo, harufu ya nyama, watu wanarudi makwao. Kila kitu kinakukumbusha. Huwapata wengi. Mwaka aliokufa mume wangu Atem, nilijifungia ndani Krismasi nzima. Nilidhani huzuni itabaki nje. Kumbe nilijifungia nayo."

Kisha akamgeukia Akoru. "Na wewe, binti, ukimkumbuka baba, unamwambia nani?"

"Mbuzi."

Nakiru alitaka kucheka, lakini mtoto hakuwa anatania.

"Yule mbuzi ambaye baba alimnunua kwa ajili ya Krismasi hii," Akoru alisema. "Nikimfunga jioni, namwambia habari za baba. Mama hataki kusikia. Sasa amenileta huku. Labda ni kwa sababu nafanana na baba."

Nakeno alishika shuka lake kwa mikono yote miwili. Akalia pale pale, mbele ya wateja. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nakiru alimkumbatia. Chai ilichemka ikamwagika motoni, na hakujali.

Alipotulia, Nakeno aliuliza, "Sasa nifanye nini?"

"Kula, hata kidogo," Arek alisema. "Asubuhi, kabla jua halijawaka, tembea. Usikae peke yako kutwa. Pombe usiiguse, itakulaza leo na kukuzidishia kesho. Siku ya Krismasi fanya unachoweza, kingine kiache. Wimbo ukikushinda, toka nje, pumua, urudi. Na mtajeni baba wa mtoto."

"Na maombi?"

"Omba, dada. Lakini mwambie Mungu ukweli wako. Halafu nikuulize wazi: umewahi kutamani kufa?"

"Hapana. Nimetamani kulala mpaka Januari tu."

"Hiyo hata mimi naijua. Lakini siku ukitamani kufa, mwambie mtu siku hiyo hiyo, uende hospitali. Nenda pia kama kula na kulala kutaendelea kukushinda. Wako waliosomea kazi hiyo."

Akoru hakuachwa Kakuma. Walirudi Lodwar wote, na Nakiru akafuata kwa sikukuu.

Siku ya Krismasi walikwenda kanisani. Wimbo aliopenda Erupe ulipoanza, Nakeno alitoka nje, akalia, akapumua. Wimbo haukuwa umeisha aliporudi kukaa.

Nyumbani, jirani yao Ekidor alikuja na kisu. "Mama Akoru, mbuzi yuko wapi? Nimekuja kuwachinjia."

Akoru alimshika mbuzi shingo. Nakeno aliwatazama wote wawili.

"Huyo mwache," alisema. "Anajua habari zetu nyingi mno."

Ekidor alicheka hadi akakaa chini. Akaenda kwake, akawaletea mguu wa mbuzi wake. Nakiru akapika chapati.

Nakeno aliingia ndani, akavuta gunia. Akatoa kigoda, akakifuta vumbi, akakiweka karibu na moto. Kisha akamwita binti yake.

"Akoru, yale uliyomwambia mbuzi kuhusu baba yako, Erupe, niambie na mimi."

Akoru alisimulia. Kisha akaimba kama baba yake, kwa sauti mbaya ile ile. Majirani waliomsikia walicheka. Nakeno alicheka, tena akalia. Akafuta macho, akajiongezea chapati.